Watu Huona Haya, Hupandwa na Hasira

Swali la msomaji

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga. Kikundi chetu cha vijana kinatayarisha kijitabu cha afya ya akili, na mimi ndiye niliyepewa kalamu. Kinasimulia habari za msichana mmoja wa kubuni, tangu alipoanza kuzidiwa na mawazo mpaka alipopata nafuu. Nilimsomea bibi yangu rasimu. Akanisikiliza kurasa tatu nne, akasema, "Huyu msichana wako kila mahali anahisi, anahisi. Kwani hana hakika?" Nilipofika kwenye kichwa cha sura ya mwisho, "Mwanga Nyumbani Kwetu", akacheka mpaka akapaliwa, na hakutaka kuniambia anachekea nini. Naomba msaada wa mambo mawili. Huzuni, simanzi, majonzi, sonona: nitajuaje lipi liende wapi? Na mtu aliyekuwa gizani akaona mambo, niseme ameelimika, ameerevuka, amezinduka au amepata mwanga? Rasimu nimeiambatisha. Na pembeni tu: kuna neno moja la kutafsiria "enlightenment" ya vitabuni, ile ya Budha na ile ya Ulaya?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Bibi yako ni mhariri, ila hajatokea wa kumlipa tu. Nianze na lile alilolikamata mwanzo.

Kuhisi kuna kazi yake. Mtu huhisi baridi, huhisi harufu ya moshi, huhisi kuna mtu nyuma ya mlango. Ni habari ya ngozi na pua, au ya jambo ambalo mtu hajalithibitisha. Ukiwa soko la Mgandini ukamwambia mwenzio "nahisi yule ndiye aliyechukua simu yangu", umemshuku mtu, hujamkamata. Sasa bibi aliyekulia Kiswahili hicho akisikia "nilihisi huzuni", kwake ni kama msichana anakisia tu kwamba huenda ana huzuni. Sisemi ni kosa la kufutiwa maksi. Limeenea redioni na kwenye tafsiri, hasa kwenye tafsiri, na vijana wenzako watalielewa bila shida. Ubaya wake ni kwamba limegeuka ufunguo mmoja wa milango yote, na ukilizoea unasahau kwamba kila hali ya moyo katika Kiswahili ina namna yake ya kumfikia mtu.

Hapo ndipo ninapotaka ukae. Ukitaka kujua neno la namna hii lina maana gani, usikimbilie kamusi kwanza. Kamusi itakwambia huzuni ni majonzi, ukienda kwenye majonzi itakwambia ni simanzi, ukienda kwenye simanzi utarudishwa kwenye huzuni, na umezunguka mtaa mzima ukarudi mlangoni. Tazama kitenzi ambacho neno hilo huandamana nacho. Kitenzi ndicho kinachosema hali hiyo imemwingia mtu, imemkalia, imempanda, au ameiweka mwenyewe.

Haya huonwa. Watu huona haya, huona soni, huona aibu, huona huruma, huona wivu, huona kinyaa, huona uchungu, huona raha. Sidhani kama ni bahati. Karibu zote hizi zina mtu au kitu kilicho mbele ya macho: kuna wa kumwonea haya, wa kumwonea huruma, wa kumwonea wivu. Msichana wako akiwa peke yake chumbani saa nane za usiku, haya hazimpati kirahisi. Zitampata asubuhi atakapokutana na jirani kibarazani.

Hasira nazo hupanda. Mtu hupandwa na hasira, na mori, na jazba, na ghadhabu. Na wewe wa Tanga unajua ni nini kingine kinachompanda mtu, maana umesikia ngoma zikipigwa mpaka alfajiri: pepo. Kitenzi ni kile kile. Aliyepandwa na hasira, kwa lugha yetu, kwa muda huo kuna kitu kimemkalia kichwani, na kama pepo, kinaweza kushuka. Ndiyo maana tunamwambia mtu "shusha hasira" wala hatumwambii "shusha huzuni". Huzuni haishuki. Huzuni huingia, ikaondoka ikitaka.

Hofu, wasiwasi, shaka na simanzi pia huingia: mtu huingiwa nazo. Butwaa na bumbuwazi hupiga, tena kwa ghafla. Furaha humjaa mtu. Kinyongo huwekwa, na hili ni zito, kwa sababu kuweka ni tendo la hiari. Aliyeweka kinyongo anajua alipokiweka. Kisirani mtu huamka nacho, naye hajui kimetoka wapi, wala waliomzunguka hawajui, wanachojua ni kwamba siku hiyo wakae mbali.

Nichukue mstari mmoja wa rasimu yako. Umeandika: "Nilihisi huzuni nyingi na nilihisi kuwa peke yangu ingawa nilikuwa na watu." Jaribu hivi: "Simanzi ilikuwa imeniingia, nikawa mkiwa katikati ya watu." Maneno yamepungua na msichana amekaribia. Na hapa nikupe neno ambalo naona mnalisahau: ukiwa. Upweke ni kuwa peke yako, na mtu anaweza hata kuutafuta. Mvuvi mzee hupenda upweke wake. Ukiwa hautafutwi na mtu. Ni hali ya nyumba iliyohamwa, ya mji uliobaki magofu. Nenda Tongoni, kusini mwa mji wetu, simama kwenye mabaki ya msikiti na makaburi yale ya zamani, utaliona neno hili kabla hujalisoma. Mtu aliyezungukwa na ndugu, wanakula, wanacheka, na yeye moyoni ni kama mahali pale, huyo ana ukiwa. Kwa kijitabu cha afya ya akili neno hili lina thamani kuliko upweke, kwa sababu ndugu wengi hudhani mtu aliye na watu nyumbani hawezi kuwa na tatizo.

Sasa tuje kwenye majonzi na wenzake. Huzuni ni neno pana, asili yake Kiarabu, nalo linabeba kila kitu, kuanzia mtoto aliyekosa safari ya Pangani mpaka mjane. Ukikosa uhakika, litumie, hutakosea. Simanzi imetulia zaidi. Ni huzuni isiyopiga kelele, ya mtu anayekaa akitazama sakafu. Majonzi yana msiba ndani yake. Hayana umoja katika matumizi ya kawaida, huja kwa wingi kama machozi, na mara nyingi huwa ya watu wengi kwa pamoja: kijiji kimegubikwa na majonzi, waombolezaji wako kwenye majonzi. Kumwambia msichana aliyeachwa na mchumba kwamba ana majonzi ni kumtangazia kifo kisichokuwapo. Jitimai ni la washairi. Ukiliweka kwenye kijitabu cha vijana, nusu yao watadhani ni jina la mtu.

Liko jingine ambalo hukuliuliza, na kwa shabaha yenu nadhani mnalihitaji: kihoro. Hii ni huzuni ya kupoteza, aliyekufa au mali iliyoteketea, na pwani tunaiogopa kwa sababu tunasema mtu amekufa kwa kihoro. Mzee kafiwa na mkewe, kaacha kula, miezi haikupita mingi naye akamfuata: watu watakwambia ni kihoro. Wazee wetu hawakuwa na vipimo, lakini walikuwa wameshaona kwamba huzuni inaweza kuuangusha mwili, wakaipa jina.

Halafu sonona. Hili zamani tulilijua zaidi kama kitenzi: kusononeka, moyo umesononeka. Ni maumivu ya ndani yanayokuta mtu amefunga mdomo. Siku hizi wataalamu wa afya nchini wamelichukua neno sonona kuwa jina la ugonjwa, na mimi naona walichagua vizuri, maana linabeba ule ukimya wenyewe. Ila ukishalikubali kuwa jina la ugonjwa, liheshimu kama unavyoheshimu malaria. Huwezi kuandika kwamba msichana "alipata sonona" Jumamosi jioni kwa kufungwa kwa timu yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hali hii humshika mtu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi: moyo mzito, au kutopenda tena mambo aliyokuwa akiyapenda, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, mwili kuchoka, kujiona hafai. Kwenye hadithi yako, basi, anza na huzuni, iendeleze hadi simanzi, na sonona litamkwe na daktari, sura ya nne au ya tano huko. Msomaji ataona tofauti bila kuhubiriwa.

Utahitaji pia maneno ya mtu asiyetulia. Wasiwasi kwanza: wote wa Tanga waliopita madrasa wanajua asili ya neno hili kwa sababu wamelisoma katika Suratun Nas: ni mnong'ono, wa shetani anayenong'ona vifuani mwa watu. Maana hiyo haijafa. Mwenye wasiwasi anasikia kitu kikimwambia "je, kama..." na hakinyamazi. Fadhaa ni zaidi. Hapo mtu ameshavurugika, hajui ashike lipi. Wahaka ni ule wa kungoja habari mbaya ambayo bado haijafika, wa mke wa mvuvi pepo zimegeuka na jahazi halijaonekana. Taharuki ni ya watu wengi, huzuka na huzuliwa. Usimpe mtu mmoja chumbani. "Msongo wa mawazo" unafaa, umeshazoeleka, lakini ukiweza kusema "ana tumbo joto" au "roho iko juu" sema, kwa sababu msomaji wako anajijua tumboni kabla ya kujijua kwenye istilahi.

Hilo la mwili nisiliache haraka. Sisi hatumalizi kila kitu kwa moyo. Roho ndiyo huuma na ndiyo huwa juu, maini ndiyo hukatwa na maneno, damu huchemka, uso hukunjwa na hukunjuliwa, na kutoka hapo tumepata mkunjufu, mtu ambaye uso wake hauna mikunjo unapomwendea. Mtu hunyong'onyea, yaani viungo vinalegea vyote kama vimetolewa nguvu, na mimi sijaona neno linaloeleza vizuri zaidi jinsi mgonjwa wa sonona anavyonyanyuka kitandani. Andika "aliamka amenyong'onyea". Usiandike "aliamka akiwa anahisi ukosefu wa nishati". Nimekiona hicho mahali, sitasema wapi.

Hasira na furaha nitazipitia mbiombio. Hamaki ni hasira inayotangulia akili, na katika Kiarabu jamaa zake ni maneno ya upumbavu, kwa hiyo usimpe mtu unayetaka msomaji amhurumie. Ghadhabu ni ya mwenye nguvu juu ya aliye chini yake. Mtoto hana ghadhabu. Upande wa furaha: raha huonwa na mtu mwenyewe, shangwe hutoka nje na huhitaji watu, bashasha huonekana usoni mgeni anapopokelewa. Na usiogope "mudi". Vijana husema "sina mudi" kila siku, na mhusika wako ana umri wao. Kwenye mazungumzo yake mwache aseme hivyo. Kwenye maelezo yako mwenyewe andika "hali ya moyo".

Kuna neno moja ambalo Tanga tunalo mdomoni kila wiki na hatulihesabu kuwa la hali ya moyo: taarab. Mji uliovilea vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star unafaa kujua kwamba kwa Kiarabu ṭarab ni ule msisimko anaoupata mtu kwa kusikia muziki, uwe wa furaha au wa huzuni. Wale kina mama wanaoinuka kwenda kutunza huku machozi yanawatoka hawajachanganyikiwa. Kiarabu kilikuwa na jina la hali hiyo moja yenye pande mbili. Sisi jina hilo tukaupa muziki wenyewe, hali ikabaki bila jina.

Haya, kicheko cha bibi.

Mwanga ni majina mawili yanayofanana. Liko mwanga la ngeli ya mti: mwanga umeingia, mianga imeingia. Na liko mwanga la ngeli ya mtu: mwanga ameingia, wanga wameingia. Huyo wa pili ni mchawi wa usiku, yule anayewanga, anayezunguka nyumba za watu wakati wenye nyumba wamelala. Kwenye sentensi kamili hakuna anayechanganya, kwa sababu kiambishi kinasema wazi: umeingia au ameingia. Wewe umeandika "Mwanga Nyumbani Kwetu", hukuweka kitenzi, hukuweka hata kivumishi, kwa hiyo umewatangazia majirani wa Ngamiani kwamba kwenu yupo mchawi. Mimi nisingecheka mpaka nikapaliwa, lakini ningetabasamu. Badilisha iwe "Mwangaza". Ama "Kumekucha", ambalo kila mtu analijua na halina mchawi. Hata hao wanga kukikucha huwa wameshakwenda zao.

Nuru ni jirani wa mwanga lakini ana heshima zake. Taa ina mwanga, nuru ni ya uso wa mcha Mungu, ya dini, ya mtoto aliyeleta heri nyumbani. Ukisema mhusika wako "alipata nuru", nusu ya wasomaji watatarajia sura inayofuata iwe msikitini au kanisani. Kama ndivyo ulivyokusudia, sawa. Na hapo pia utakuta kuongoka, ambalo maana yake ni kuwekwa kwenye njia, na ni la dini moja kwa moja.

Katika yale manne uliyoyataja, jiulize kila mmoja alikuwa wapi kabla. Aliyeelimika alikuwa hajui, akafunzwa. Halipatikani kwa siku moja, na pia si sawa na kusoma; watu husema fulani amesoma lakini hajaelimika, na wanaelewana. Aliyeerevuka alikuwa mjinga wa mambo, mara nyingi alishadanganywa, akashika akili. Ndani yake kuna ujanja kidogo: wanunuzi wameerevuka, huwauzii tena samaki wa jana. Vijana husema amechanuka, amejanjaruka. Msichana aliyepona sonona hajaerevuka, isipokuwa kama kuna mganga aliyekuwa akimla fedha na sasa hampati tena, hapo neno litakaa barabara.

Aliyezinduka alikuwa amelala, amezimia, au amefungwa na kitu. Neno hili lina undugu na zindiko, ile dawa ya kukinga mahali. Kuzindua ni kuiondoa, ndipo tukapata pia uzinduzi wa mradi na wa jengo, japo mgeni rasmi anayekata utepe hafikirii dawa. Kwa hiyo kuzinduka ni kwa ghafla na kunatoka ndani ya kitu kilichokushika. Hili ndilo ningempa mhusika wako siku anapokubali kwamba anaumwa na anahitaji msaada. Kutanabahi kunakaribia hapo, ila ni kwa jambo moja mahususi: ametanabahi kwamba anakosea. Mtu hatanabahi maisha.

Na kuna kuelewa, neno tunalolitamka mara mia kwa siku bila kulitazama. Kwa umbo lake ni la kutendwa. Wazee wa pwani bado husema "jambo hili limenielea", maana yake limekuwa wazi kwangu, na kuelewa kumetokana na huko: jambo ndilo linalomjia mtu likaeleweka. Angalia inavyolingana na huzuni inayoingia na hasira inayopanda. Lugha hii haimfanyi mtu kuwa bwana wa kila kinachopita kichwani mwake, na kwa kijitabu chenu hiyo ni neema: mgonjwa anayesoma "simanzi iliniingia" hajilaumu kama anayesoma "nilikuwa dhaifu".

Uliuliza pembeni kama kuna neno moja la kutafsiria "enlightenment" ya vitabuni. Hakuna, na usilitafute. Budha maana yake kwa Kisanskriti ni aliyeamka, kwa hiyo huko kuzinduka kunafaa. Zama za Mwangaza za Ulaya, karne ya 18, ni habari nyingine. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, mwaka 1784 alizieleza kuwa ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, utoto wa kutothubutu kutumia akili yake bila kuongozwa na mwingine. Kiswahili cha hilo ni kupevuka, neno la tunda, la mwezi na la mtu. Nashangaa watafsiri hawaligusi.

La mwisho ni kwa ajili ya mchapaji asije akakuletea aibu. Umeandika mahali pawili kwamba msichana "alifunguka" na mahali pamoja kwamba "hajitambui". Kufunguka kwa vijana wa sasa ni kusema yaliyo moyoni hadharani, kama msanii anavyofunguka kwa waandishi wa habari. Ukitaka maana ya kuona mambo, andika alifumbuka macho. Na hajitambui mtaani ni tusi la kijana asiyejua thamani yake, lakini wodini ni mgonjwa aliyepoteza fahamu. Sentensi yako inasema, "Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui." Muuguzi atakayeisoma atatafuta mapigo ya moyo. Kama alizimia, andika amezimia.